Mkandarasi, jeshi rafiki au walinda amani: serikali iliyozidiwa vitani imwite nani?

Serikali ikishapoteza miji miwili mitatu mikononi mwa waasi, na jeshi lake likawa limechoka, halina helikopta za kutosha wala taarifa za kuaminika kuhusu adui aliko, haipati muda mrefu wa kufikiri. Wanaojitokeza kusaidia huwa wa aina tatu. Kuna kampuni binafsi ya kijeshi, ndiye mkandarasi ninayemzungumzia, ambayo huweza kuwa uwanjani ndani ya wiki chache baada ya kusaini mkataba na kupokea malipo ya awali. Kuna nchi rafiki inayoleta wanajeshi wake wenye sare na bendera. Na kuna kikosi cha pamoja, cha jumuiya ya kanda au cha Umoja wa Mataifa, kinachokuja polepole baada ya vikao na maazimio. Njia ya nne ni kulijenga upya jeshi la nyumbani. Hiyo haina wakala wa kuipigia debe, ndiyo maana husahauliwa mapema.

Hapa nimeziweka njia hizi bega kwa bega, nikitazama zaidi vita ambamo zaidi ya njia moja ilijaribiwa mahali pamoja, dhidi ya adui yuleyule. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aendelee akiujua: kampuni binafsi inaweza kuajiriwa kufundisha, kutengeneza ndege, kusafirisha chakula na mafuta, na kulinda meli au ghala. Isiajiriwe kupigana vita vya ndani kwa niaba ya serikali, na kamwe isilipwe kwa mgodi. Ipo kesi moja inayoutikisa msimamo huu, ya Sierra Leone, nami sitaipita kando.

Cabo Delgado: uwanja mmoja, wasaidizi wanne

Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza tarehe 5 Oktoba 2017 kwa mashambulizi dhidi ya vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Ndani ya miaka minne serikali ya Maputo ilikuwa imejaribu karibu kila njia iliyopo. Kwa anayetaka kulinganisha, hilo ni jambo adimu: wasaidizi wanne, adui mmoja, msitu uleule.

Wa kwanza walikuwa Wagner, kampuni binafsi ya kijeshi kutoka Urusi, walioingia Septemba 2019 wakiwa takriban 200. Uzoefu wao mkubwa ulikuwa wa Syria na mashariki mwa Ukraine, na msitu wa Cabo Delgado majira ya mvua ni mambo mengine kabisa. Hawakujua lugha ya wenyeji, hawakuaminiana na askari waliopaswa kupigana nao bega kwa bega, na walivamiwa njiani. Baada ya miezi michache, wakiwa wamepoteza watu, walirudi nyuma na hatimaye wakaondoka. Moscow ilikuwa imekana kwamba ina wanajeshi huko, kwa hiyo hapakuwa na ofisi ya kuulizwa kilichoharibika ni nini.

Aprili 2020 ikaja Dyck Advisory Group, kampuni ya Lionel Dyck, kanali mstaafu wa jeshi la Zimbabwe. Mkataba wake ulikuwa na polisi, si jeshi, na uratibu kati ya pande hizo mbili ukawa mgumu tangu mwanzo. Nguvu yake ilikuwa helikopta ndogo zilizoruka kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa huo wa Msumbiji, mbali kusini mwa maeneo yaliyoshambuliwa, kiasi kwamba zikifika juu ya mapigano hazikuweza kukaa muda mrefu kabla ya kurudi kujaza mafuta. Agosti 2020 Mocímboa da Praia ilianguka mikononi mwa waasi hata hivyo.

Tarehe 24 Machi 2021 waasi waliingia Palma, mji ulio jirani na mradi mkubwa wa gesi. Watu karibu 200, wenyeji na wageni, walijibanza katika hoteli ya Amarula huku risasi zikirindima nje. Waliokuja kuwachukua walikuwa marubani wa kampuni hiyo, wakibeba watu wachache kwa kila safari kwa sababu helikopta zao hazikuwa na nafasi zaidi. Siku mbili baadaye waliobaki walijaribu kutoka kwa msafara wa magari, wakaviziwa njiani na baadhi wakauawa. Kuna watu walio hai leo kwa sababu marubani hao wa kukodiwa waliruka wakati serikali haikufika, na hilo lazima lihesabiwe upande wao. Lakini mwanzoni mwa mwezi huohuo Amnesty International ilikuwa imetoa ripoti ikiwatuhumu kwa kufyatua risasi na kudondosha vilipuzi kutoka angani bila kutofautisha raia na wapiganaji. Kampuni ilisema itawaweka wanasheria kuchunguza. Tazama nani anachunguza hapo: ni mtuhumiwa, kwa wanasheria anaowalipa mwenyewe. Mkataba wake uliisha Aprili 2021.

Julai 2021 Rwanda ilituma askari na polisi 1,000 kwa makubaliano ya nchi mbili, na karibu wakati huohuo kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, kikaanza kuwasili. Kufikia tarehe 8 Agosti, Mocímboa da Praia ilikuwa imerudi mikononi mwa serikali baada ya mwaka mzima. Wanyarwanda walikuja kama jeshi kamili: askari wa miguu wa kutosha kubaki kwenye kijiji baada ya kukitwaa, amri moja, doria za kila siku zinazoongea na watu. Kampuni ya watu 200, hata iwe hodari vipi, haiwezi kukaa kwenye kijiji. Inaweza kupiga na kuondoka, na waasi wanajua kusubiri.

Kikosi cha SADC kilikuwa na uhalali mkubwa zaidi kisiasa, kwa sababu kiliamuliwa na nchi nyingi kwa pamoja, lakini kilikosa fedha na vifaa, na Julai 2024 kilimaliza kuondoka. Wanyarwanda walibaki na idadi yao ikaongezeka, wakisaidiwa kwa sehemu na Umoja wa Ulaya, ulioidhinisha euro milioni 20 mwaka 2022.

Ukiishia hapo utadhani jibu limepatikana: mwite jirani mwenye jeshi zuri. Lakini jeshi rafiki nalo lina serikali yake, na serikali hiyo ina mahesabu yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kwa mara kwamba jeshi hilohilo la Rwanda linawaunga mkono waasi wa M23 mashariki mwa Kongo, na kila mara ulimwengu unapotaka kuibana Kigali, kazi yake ya Cabo Delgado inawekwa mezani. Anayekopa jeshi anakopa pia siasa za mwenye jeshi. Hata hivyo kuna tofauti kubwa: serikali ya nchi rafiki ina anwani, ina balozi, ina kiti katika mikutano ya Umoja wa Afrika. Inaweza kubanwa. Kampuni hubadilisha jina na kusajiliwa upya kwingine.

Sierra Leone, kesi ngumu kuliko zote

Wanaotetea makampuni haya huanzia hapa, na wana haki ya kuanzia hapa. Mwaka 1995 waasi wa RUF walikuwa wamekaribia Freetown. Jeshi la serikali lilikuwa limeoza. Baadhi ya askari walikuwa walinzi mchana na waporaji usiku. Serikali ya kijeshi ya Valentine Strasser iliikodi Executive Outcomes, kampuni ya Afrika Kusini iliyoanzishwa na Eeben Barlow mwaka 1989 na kujazwa maofisa na askari wa vikosi vya zamani vya utawala wa kibaguzi, weusi kwa weupe, wengi wakiwa wamepigana Angola.

Walikuwa mia chache tu. Waliwafukuza waasi pembezoni mwa mji mkuu, kisha wakaichukua Kono, wilaya ya almasi, kwa muda mfupi. Walifanya mambo manne ambayo jeshi la nchi halikuweza: walisikiliza redio za adui, walitumia helikopta kwa ustadi, walishirikiana na wawindaji wa kijadi wa Kamajor walioijua kila njia ya msituni, na walilipwa mishahara yao kwa wakati. Hilo la mwisho linaonekana dogo, na kwangu ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi. Askari asiyelipwa hujilipa mwenyewe kwa bunduki aliyopewa.

Gharama yote ya miezi 21 hukadiriwa kuwa dola milioni 35. Uchaguzi ulifanyika mwaka 1996, Ahmad Tejan Kabbah akawa rais, watu wakarudi makwao.

Sasa fuata kilichotokea baada ya hapo. Makubaliano ya amani ya Abidjan ya Novemba 1996 yalidai kampuni iondoke, na mwishoni mwa Januari 1997 ikaondoka. Tarehe 25 Mei mwaka huohuo jeshi la Sierra Leone, lilelile ambalo halikurekebishwa wakati wote ule wa utulivu, lilimpindua Kabbah na kuwakaribisha waasi mjini. Januari 1999 Freetown ilivamiwa na kuchomwa, watu wakakatwa mikono. Wanaosema mkandarasi alishinda vita hivi wanasimamisha saa Januari 1997.

Walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliokuja baadaye walianza vibaya sana. Mei 2000 waasi waliwateka karibu 500 kati yao pamoja na silaha na magari yao. Ilibidi Uingereza itume wanajeshi wake kuushikilia uwanja wa ndege na mji mkuu. Baada ya hapo kikosi cha Umoja wa Mataifa kiliongezwa hadi kufikia askari 17,500, na Waingereza wakabaki kulifundisha upya jeshi la taifa. Vita vilitangazwa kwisha Januari 2002, na walinda amani waliondoka mwishoni mwa 2005 bila serikali kupinduliwa nyuma yao.

Kwa hiyo, kwa kasi na kwa bei, mkandarasi anashinda mbali. Kwa kudumu, anashindwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa cha aibu mwaka 2000. Nikiulizwa kama ningewaambia watu wa Freetown mwaka 1995 wasikodi mtu yeyote, wakati waasi wako mlangoni na hakuna jeshi lolote la kimataifa lililokuwa tayari kuja, jibu langu ni hapana. Mtu anayezama hushika mkono wowote. Ila tangu siku ile ya kwanza pawepo mpango wa nani atashika nafasi ya mkandarasi, na kwa Sierra Leone mpango huo haukuwepo.

Bougainville: dola milioni 36 na watu wasio na bunduki

Kesi hii hutajwa mara chache, nami naiona ya maana kuliko nyingi zinazotajwa. Papua New Guinea ilikuwa ikipambana na waasi wa kisiwa cha Bougainville tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, chanzo kikiwa mgodi mkubwa wa shaba. Mapema 1997 serikali ya Waziri Mkuu Julius Chan iliikodi kampuni binafsi ya kijeshi ya Sandline International kwa dola milioni 36 ili ivunje uasi na mgodi ufunguliwe.

Kamanda wa jeshi, Brigedia Jenerali Jerry Singirok, aliupinga mkataba hadharani. Askari wake waliwakamata wakandarasi, akiwemo mkuu wao Tim Spicer, wananchi wakaingia barabarani, na Chan akalazimika kukaa pembeni. Hakuna risasi ya Sandline iliyopigwa Bougainville. Hata hivyo mahakama ya usuluhishi iliamua mwaka 1998 kwamba serikali bado inadaiwa sehemu ya malipo iliyobaki, kwa sababu mkataba ni mkataba.

Kisha likatokea jambo ambalo mtu wa kampuni asingeweza kuliuza. Kuanzia mwisho wa 1997 waangalizi kutoka New Zealand, Australia, Fiji na Vanuatu walikwenda kisiwani bila silaha. Walitembea vijiji, wakasimamia usitishaji wa mapigano, wakabeba ujumbe kati ya pande mbili. Mwaka 2001 mkataba wa amani ulisainiwa. Haimaanishi kwamba kila vita vinaweza kumalizwa hivyo. Bougainville ilikuwa imechoka kupigana na pande zote zilitaka njia ya kutokea. Lakini kabla ya kuuliza ni mpiganaji gani akodiwe, serikali inapaswa kujua kama adui wake yuko tayari kuzungumza. Mkandarasi hatakuambia hilo, kwa sababu jibu likiwa ndiyo, kazi yake imekwisha.

Si kila mkandarasi hubeba bunduki

Tukisema kampuni binafsi za kijeshi, picha inayokuja kichwani ni mtu mwenye miwani meusi na bunduki. Kwa idadi, wengi wao ni wapishi, madereva, mafundi wa ndege, wakalimani na watu wa kompyuta. Aprili 2021 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa na wakandarasi zaidi ya 16,000 Afghanistan, wakati wanajeshi rasmi walikuwa kama 2,500.

Wakufunzi ndio upande mzuri wa biashara hii. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2015 Nigeria ilileta wakufunzi wa kampuni nyingine ya Barlow, wakaandaa kikosi cha mashambulizi ya haraka kilichosaidia kuwarudisha nyuma Boko Haram ndani ya miezi michache. Serikali mpya haikuendelea nao. Kulinda meli pia ni kazi iliyofanywa vizuri: maharamia walipokuwa wakali pwani ya Somalia, meli zilizopakia walinzi wenye silaha zilifanikiwa kuwazuia kwa kiwango ambacho manowari zilizotawanyika baharini hazikuweza. Kazi ilikuwa na mpaka ulio wazi, yaani meli moja, safari moja, mshambuliaji anayeonekana akija. Hakukuwa na kijiji cha raia katikati.

Ufundi na ugavi ni eneo ambalo watu huliona halina hatari, na mimi nalionea hofu ya aina nyingine. Jeshi la anga la Afghanistan lilikuwa na helikopta za Mi-17 za Urusi ambazo mafundi wa Kiafghani walimudu kuzitengeneza kwa sehemu kubwa wao wenyewe. Marekani ikaanza kuzibadilisha kwa Black Hawk, ambazo matengenezo yake yalikuwa mikononi mwa wakandarasi wa kigeni. Amri ya kuondoka ilipotolewa mwaka 2021, mafundi hao waliondoka. Ndege zikaanza kukaa chini, vituo vya mbali vikakosa risasi, chakula na msaada wa kubeba majeruhi, na Kabul ikaanguka tarehe 15 Agosti. Sababu za kuanguka ni nyingi, rushwa na siasa zikiwemo. Lakini jeshi lisiloweza kurusha ndege zake bila fundi wa kukodiwa limekabidhi funguo za vita kwa mtu mwingine, hata kama fundi huyo hajawahi kugusa bunduki.

Na fedha? Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza kandarasi za Iraq na Afghanistan ilikadiria mwaka 2011 kwamba kati ya dola bilioni 31 na 60 zilipotea kwa ubadhirifu na wizi. Hii ni nchi yenye wakaguzi wengi kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Serikali yenye mkaguzi mmoja asiye na gari ijiulize yeye ataona nini.

Raia akiuawa, nani anajibu?

Hapa ndipo njia hizi zinapotengana hasa, na ningependa anayeamua aisome sehemu hii kwa utulivu kuliko nyingine zote.

Tarehe 16 Septemba 2007 msafara wa Blackwater, kampuni ya Erik Prince iliyokuwa ikilinda wanadiplomasia wa Marekani, uliingia kwenye makutano ya barabara ya Nisour, Baghdad. Walinzi walifyatua risasi na kurusha maguruneti katikati ya magari yaliyosongamana. Wairaqi 17 waliuawa. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 9 aliyekaa kiti cha nyuma cha gari la baba yake. Wachunguzi wa FBI walihitimisha kwamba angalau 14 kati ya vifo hivyo havikuwa na sababu yoyote ya haki.

Iraq haikuweza kuwashtaki. Amri namba 17 iliyoachwa na utawala wa muda wa Marekani iliwapa wakandarasi kinga dhidi ya mahakama za Iraq. Kesi ikaenda Washington, ikatupwa mwaka 2009, ikafufuliwa mwaka 2011, na mwaka 2014 walinzi wanne wakapatikana na hatia. Desemba 2020 Rais Donald Trump aliwasamehe wote wanne. Familia zilisubiri miaka 7 kupata hukumu, na miaka 6 mingine kuiona ikifutwa. Kwa gereza la Abu Ghraib, Iraq, safari ilikuwa ndefu zaidi: mateso yalikuwa ya 2003 na 2004, na ni Novemba 2024 ndipo baraza la mahakama nchini Marekani liliiamuru kampuni ya CACI, iliyokuwa imetoa wahojaji, iwalipe waathirika watatu dola milioni 42.

Linganisha na walinda amani, bila kuwapamba. Wao pia wamefanya maovu. Unyanyasaji wa kingono Jamhuri ya Afrika ya Kati ni doa ambalo Umoja wa Mataifa wenyewe umelikiri. Askari wa aina hii hushtakiwa na nchi iliyomtuma, na nchi nyingi huvuta miguu. Lakini kuna orodha ya majina, kuna nchi inayoweza kuaibishwa, kikosi kizima kinaweza kurudishwa nyumbani. Jeshi rafiki lina mahakama yake ya kijeshi. Jeshi la nyumbani lina raia wanaoweza kulidai haki kizazi baada ya kizazi. Kwa Wagner hakukuwa na kitu chochote kati ya hivyo. Machi 2022 katika kijiji cha Moura, Mali, zaidi ya watu 500 waliuawa kwa mujibu wa ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika operesheni ya jeshi la Mali likiwa pamoja na wapiganaji wageni. Wageni hao hawakuwa na sare ya nchi wala jina kwenye karatasi yoyote ambayo mwathirika angeweza kuipeleka mahakamani.

Sheria za kimataifa zipo, ila zina matundu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mamluki wa 1989 uliridhiwa na nchi chache, na masharti ya kumtambua mamluki ni mengi kiasi kwamba wakili wa wastani anaweza kumchomoa mteja wake. Waraka wa Montreux wa 2008, ulioandaliwa na Uswisi pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, unaeleza vizuri wajibu wa serikali inayokodi, lakini haufungi kisheria. Msomaji asiutegemee kama ngao. Autumie kama orodha ya mambo ya kudai.

Analipwa kwa nini, na anaweza kumgeuka nani?

Mkandarasi anayelipwa kwa fedha taslimu kutoka kwenye bajeti iliyopitishwa na bunge anaweza kufukuzwa. Anayelipwa kwa mgodi hafukuziki. Jamhuri ya Afrika ya Kati iliwapokea Warusi kama wakufunzi mwaka 2018. Miaka michache baadaye makampuni yanayohusishwa na Wagner yalikuwa yameushika mgodi wa dhahabu wa Ndassima. Tangu hapo swali la lini wataondoka linakuwa swali la nani atachimba dhahabu, na amani kamili inakuwa hasara kwa mwenye leseni.

Hata mwajiri mwenye nguvu hayuko salama. Baada ya Wagner kuubeba mzigo mkubwa wa mapigano ya Bakhmut nchini Ukraine, kwa sehemu kwa kutumia wafungwa waliotolewa magerezani, kiongozi wake Yevgeny Prigozhin aligombana na wakuu wa jeshi la Urusi. Tarehe 24 Juni 2023 watu wake waliteka makao makuu ya kijeshi ya Rostov-on-Don na kuelekea Moscow. Siku chache baadaye Rais Putin alisema wazi kwamba kundi hilo lilikuwa limelipwa na serikali zaidi ya rubo bilioni 86 kwa mwaka mmoja. Kama Urusi, yenye jeshi na idara za usalama za ukubwa ule, iliamka siku hiyo ikiogopa watu iliowalisha yenyewe, nchi yenye vikosi vitatu vya askari itafanya nini?

Na kuna chuki ya ndani. Januari 2025 M23 walipouteka mji wa Goma, zaidi ya Waromania 280 wa kukodiwa waliokuwa wakiisaidia serikali ya Kongo walijisalimisha na kusafirishwa kwao kupitia Rwanda. Mishahara yao ilikuwa mara nyingi zaidi ya ule wa askari wa Kongo waliokuwa wakifa kwenye mstari uleule. Askari anayejua kwamba mgeni pembeni yake anapokea kwa mwezi kile ambacho yeye hakipati kwa mwaka hatakufa kwa moyo.

Uamuzi

Kama unachohitaji ni mafunzo, ufundi au ulinzi wa kitu kimoja chenye mipaka, kodi kampuni, na uidai iwarithishe vijana wako kazi kabla ya kuondoka. Kama unahitaji kutwaa na kukalia ardhi, tafuta jeshi la nchi, lenye askari wa miguu wa kutosha, na liwe chini ya makubaliano yaliyopita bungeni. Kama vita vimechoka na pande zote zinataka pa kutokea, kikosi cha pamoja, hata cha waangalizi, kina thamani kuliko bunduki za kukodi. Na vyovyote utakavyochagua, anza siku hiyohiyo kulipa mishahara ya jeshi lako kwa wakati, maana ni hao watakaobaki.

Ikiwa umebanwa kama Freetown ya 1995 na hakuna mwingine anayekuja, basi mkataba na kampuni uwe na haya: malipo kwa fedha, si kwa leseni; majina ya wapiganaji wote kwa mwanasheria mkuu; hakuna kinga dhidi ya mahakama za nchi; ofisa wa jeshi la taifa ndani ya kila helikopta, mwenye mamlaka ya kuzuia ufyatuaji; nakala kwa kamati ya bunge ya ulinzi. Na kila kituo kitakachoshikwa na mkandarasi kiandikiwe kikosi cha nyumbani kitakachokipokea, na tarehe ya kukipokea, kabla malipo ya awali hayajatoka.